Kichwa Wazi kwa Amri

Mama yangu huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na ndiye aliyekuwa akishona hijabu za shule za karibu wasichana wote wa mtaa wetu. Nikiwaambia watu wa Nairobi hivyo, hucheka wakidhani natunga. Situngi. Cherehani yake ilikaa barazani, mbele ya chumba tulichopanga hapa Garissa, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa kina mama wa Kisomali walikuja na mabinti zao kupimwa. Futi aliitundika shingoni lakini hakuitumia sana. Alimshika msichana kidevu, akaweka kiganja kutoka kidevuni hadi juu ya paji la uso, akasema, "Uso huu umekua tangu mwaka jana," kisha akakata kitambaa. Pindo la chini aliliacha pana makusudi, ili msichana akirefuka lishushwe asinunuliwe nyingine. Kwa ajili ya pindo hilo walimpenda sana.

Mimi nilivaa yangu ya kwanza siku niliyoingia darasa la kwanza. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniuliza pia. Shule ilikuwa ya serikali, wasichana wote walivaa sketi ndefu, shati na hijabu nyeupe, nami nilitaka kufanana na wenzangu kama mtoto yeyote anavyotaka. Jumapili niliivua nikaenda kanisani na misuko yangu nje. Jumatatu niliivaa tena. Kwangu ilikuwa sare kama soksi. Jua likiwaka niliichukia, upepo wa vumbi ukivuma niliishukuru.

Baba alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa Mwingi, aliyekuja huku kwa kazi ya visima na kufariki kabla sijaanza shule. Jamaa zake walimwambia mama arudi Kenya. Ndivyo tunavyosema sisi: ukivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi, umekwenda Kenya, kana kwamba tulipo ni kwingine. Mama alikataa. Wateja wake walikuwa huku, na mwenye ploti tuliyopanga alikuwa amemwambia akae.

Mwenye ploti tulimwita Ayeeyo, ambalo kwa Kisomali ni bibi. Alikuwa mjane, ana mbuzi huko Balambala na ulimi mkali hapa mjini. Mjukuu wake wa kike alikuwa rika langu na tulisoma darasa moja tangu mwanzo. Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa ua, hatua chache kutoka mlango wetu, na sisi wawili tulikuwa tukiingia na kutoka kote kote kama kuku. Kisomali nilikijua kwa kugombezwa na Ayeeyo. Mama yeye alikijua cha biashara tu, cha salamu na vipimo na "rudi kesho."

Sasa lazima niseme jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Kumewahi kusimamishwa mabasi kwenye barabara za huku, abiria wakateremshwa na kugawanywa kwa dini, na waliojulikana kuwa si Waislamu hawakufika walikokuwa wakienda. Baada ya mambo kama hayo, walimu wengi waliotoka Kenya waliomba uhamisho, na nani angewalaumu. Shule yetu ikabaki bila mwalimu wa somo la dini ya Kikristo. Nikaingia darasa la dini ya Kiislamu pamoja na wenzangu, nikalipenda, na nikawa napata alama za juu kuliko binti wa imamu. Imamu alikereka kuliko mchungaji wetu.

Mchana mmoja Ayeeyo aliniita nikiwa nafua.

"Wewe, kuja hapa. Unajua shahada?"

"Naijua ya darasani, Ayeeyo."

"Ya darasani ni ya mutihani. Sema haraka, bila kufikiri. Mutu akikushika kwa barabara hatakubatia saa ya kufikiri."

Mama alikuwa kwenye cherehani. Nilisikia pedali ikinyamaza. Ayeeyo naye alisikia, akamgeukia.

"Mama, usiogobe. Hii si kusilimu. Kusilimu ni ya roho. Hii ni ya barabara."

Mama aliweka mkono juu ya gurudumu. Akakanyaga pedali tena. Ayeeyo akanisemesha mpaka akaridhika. Jioni, mama akisonga ugali, aliniambia bila kunitazama, "Hebu sema." Nikasema. "Tena. Unasita hapo katikati." Alikuwa ameishika yote kwa kusikiliza kupitia kelele za cherehani, yeye, msimamizi wa sauti ya kwanza, na sasa alinisahihisha nilipokwama. Nilimhurumia sana siku hiyo, nikasema tena.

Tuliishi hivyo na tuliishi vizuri. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtaani kila mtu alijua sisi ni Wakristo, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kulitamka. Mgeni akipita akauliza, "Yule ni nani?" Ayeeyo alijibu, "Ni mutoto yetu," na maneno yakaishia hapo.

Nilikuwa kidato cha nne, muhula wa pili, waraka wa serikali ulipofika. Nchini kulikuwa na malalamiko ya kila namna. Wazazi wa Kiislamu walisema mabinti zao wanavuliwa hijabu kwenye shule za huko Kenya. Wazazi wa Kikristo walisema wa kwao wanavishwa kwenye shule za huku. Wakubwa wakaamua kuweka kanuni moja kwa wote, kwamba katika shule ya umma mtoto asilazimishwe vazi wala ibada ya dini isiyo yake.

Kanuni yenyewe ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hata nikitafuta neno baya ndani yake silipati. Ningekuwa mimi ndiye niliyekaa ofisini Nairobi, ningeipigia muhuri.

Afisa aliyetumwa kuisimamia alikuja gwaride la asubuhi ya Ijumaa. Alikuwa kijana nadhifu, mpole, mgeni wa huku, na alikuja na askari wawili wenye bunduki kwa sababu maafisa kama yeye hawatembei hivi hivi. Alieleza kanuni kwa maneno mazuri. Kisha akasema, "Sasa wasichana wasio Waislamu wainue mikono. Msiogope."

Hakuna aliyeinua. Uwanja mzima ulikuwa mweupe kwa hijabu, na mimi nilikuwa katikati ya weupe huo nimetazama viatu vyangu. Mjukuu wa Ayeeyo, aliyesimama mbele yangu, alisogea kidogo akanikinga. Lakini mwalimu mkuu alikuwa na rejista yenye dini zetu, na sisi watatu tuliitwa kwa majina: mimi, binti wa askari polisi wa kidato cha pili, na mtoto wa muuguzi aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Tulitoka mbele. Nilisikia watoto wa kidato cha kwanza wakinong'ona, maana kuna waliokuwa hawajui.

"Kuanzia Jumatatu," afisa alisema, "mtakuja vichwa wazi, kama mlivyo."

Binti wa askari alilia kwa furaha. Nataka hili lijulikane, maana si haki kumficha. Alikuwa na upele wa joto shingoni, na aliniambia mara nyingi kwamba kila akivaa kitambaa kile anajiona anasema uongo. Kwake kanuni ilikuwa mlango umefunguliwa. Lakini yeye alilala kambi ya polisi, nyuma ya seng'enge, na gari la polisi ndilo lililomleta shule.

Gwaride lilipovunjika nilimfuata afisa.

"Bwana afisa, mimi sikulazimishwa. Naomba niendelee kuvaa."

Alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Najua wamekufundisha kusema hivyo," akasema. "Pole sana."

Ningeweza kumpiga. Mtu akikutukana una la kumjibu, lakini anayekuhurumia kwa jambo ambalo hukumwambia anakufunga mdomo.

Mchana ule ule mama alifunga cherehani na tukaenda kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwanamke wa Kisomali kutoka Tarbaj, mtaratibu, aliyenifundisha hesabu kabla ya kupandishwa cheo. Mama alimwambia, "Mwalimu, ni mimi niliyeshona, ni mimi ninayemvalisha. Andika hivyo, nitaweka sahihi."

"Mama, kaa kwanza," mwalimu alisema. Akafunga mlango. "Nikimwacha na hijabu, watasema nimemlazimisha. Nikileta sahihi yako, watasema nimekutisha wewe. Wanataka kuona kichwa. Kichwa kikionekana wazi, mimi nimetii. Kikifunikwa, nimevunja kanuni. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtoto ametaka mwenyewe."

"Basi nimpeleke kwa shangazi yake Mwingi, amalizie huko."

"Usajili wa mtihani umefungwa. Ataufanya hapa, au hataufanya mwaka huu." Akanigeukia. "Abaayo, dada yangu, nisamehe. Unadhani mimi sijafungwa? Na mimi nimefungwa."

Alisema kweli, ila yeye angerudi nyumbani kwake na mtandio wake kichwani. Nilikasirika kwa sababu nilimpenda.

Kilichobaki kilikuwa kanisa. Jumapili mama alimweleza mchungaji, akitumaini labda atazungumza na afisa waelewane. Mchungaji alisema hii ni siku tuliyoiombea. Alisema kuukataa uhuru huu ni kumkana Kristo mbele za watu. Aliyasema hayo akiwa ndani ya geti la chuma, na nje ya geti askari wanampekua kila anayeingia, hata vikongwe wa kwaya. Nilitaka kumwambia anipe na mimi geti moja la kutembea nalo mpaka shule. Mama alinibana mkono nikanyamaza.

Tulirudi nyumbani, mama hakula. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani, akasema polepole kana kwamba anapima kitambaa, "Nikikuacha uvae, nimemkana Yesu. Nikikuvua, nimekuuza." Kisha akachukua kitana na mafuta, akaniketisha chini katikati ya magoti yake, na kunisuka. Alinisuka vizuri kuliko siku zote, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Mikono yake ilikuwa baridi katika joto lile.

Jumatatu nilitoka kichwa wazi. Mjukuu wa Ayeeyo alinisubiri kwenye lango la ploti. Alinitazama nywele, akasema, "Zimekubendeza, wallahi," akanishika mkono, tukaenda.

Hakuna aliyetufanyia lolote. Ninalisema kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba nilirushiwa mawe. Muuza nyama alijibu salamu yangu. Wanawake wa maziwa ya ngamia, walionijua tangu nabebwa mgongoni, walinyamaza tulipopita na kuanza tena kuzungumza tulipokwisha kupita. Vijana wa kibanda cha miraa waliinua macho kutoka kwenye simu. Halafu mtoto mmoja wa jirani, niliyekuwa nikimfuta kamasi kila siku, akaja mbio akasimama mbele yangu.

"Kwani wewe ni gaal?" akauliza.

Gaal ni mtu asiye Mwislamu. Hakulisema kama tusi. Aliuliza kama anavyouliza mtoto akiona umenyoa. Dada yake akamvuta, akaomba radhi kwa adabu nyingi, na adabu ile ndiyo iliyonitisha. Mtaani kwetu hatukuwa na mazoea ya kuombana radhi.

Siku hiyo hiyo afisa alirudi na mpiga picha. Mtoto wa muuguzi hakuwapo. Mama yake alikuwa ameomba likizo ya dharura na kuondoka naye. Tulibaki wawili. Tulisimamishwa mbele ya bango la shule, nyuma yetu safu ya wenzetu waliofunika, ili tofauti ionekane. "Tabasamu," mpiga picha alisema. Binti wa askari akatabasamu. Mimi nilitoa meno tu. Jioni picha ilikuwa kwenye ukurasa wa ofisi yao mtandaoni, na jina la shule chini yake, na maneno ya kusifu namna kanuni inavyotekelezwa mpaka kaskazini mashariki. Kabla ya kesho yake mchana ilikuwa imepita kwenye kila kundi la WhatsApp mjini. Mjukuu wa Ayeeyo alitumiwa na binamu yake aliyeko Habaswein, pamoja na swali: huyu si yule wa kwenu?

Nilijaribu kuwa mjanja. Jumatano nilivaa hijabu njiani, nikapanga kuivua getini. Sikufika mbali. Mmoja wa vijana wa miraa aliita, "Leo umesilimu, kesho je?" na wenzake wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini hakucheka. Alinitazama kana kwamba nimeshika kitu chake bila ruhusa, na nikisema kweli, alikuwa na haki. Kabla ya picha ile, kitambaa kilikuwa sare. Sasa kilikuwa dhihaka. Nilikivua pale pale barabarani nikakitia mkobani, na sikukivaa tena.

Siku chache baadaye kijana mmoja wa bodaboda alimsimamisha mama sokoni.

"Mama, ile bicha nimeona. Ile musichana ni wako, sindiyo? Mimi nilidhani ni mutoto ya Ayeeyo."

Mama akasema, "Ni wangu." Kijana akacheka, akasema, "Haya, salamia yeye," akaondoka. Huenda alikuwa na maana ya salamu na si zaidi. Hilo ndilo lililokuwa likitumaliza, kwamba huenda. Mama alirudi nyumbani, akaiingiza cherehani ndani kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, akafunga mlango mchana kweupe.

Asiyeijua Garissa hajui maana ya kufunga mlango mchana chini ya bati. Tulikaa humo. Mama alishona, mimi nilisoma kwa ajili ya mtihani, jasho likidondokea daftari. Wateja walibisha hodi, naye aliuliza "Nani?" kabla ya kufungua, swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu. Nilikwenda shule na kurudi, kwisha. Sokoni sikwenda, mtoni sikwenda, kwa rafiki sikwenda. Pikipiki ikipunguza mwendo nje ya ua, pedali ya mama ilinyamaza mpaka ipite. Kuondoka hatuwezi, mtihani uko hapa. Kufunika kichwa siwezi, serikali imenikomboa. Nililia kwa hasira, nikiuma shuka asisikie, na sikujua nimkasirikie nani, kwa kuwa kila mtu alikuwa amenitakia mema.

Hali hiyo ilimfika Ayeeyo shingoni. Alikuja akabisha kwa fimbo, akaingia, akaketi kitandani akatazama cherehani iliyobanwa kati ya jiko na ukuta.

"Mama, hii si maisha," alisema. "Zamani mutu akiuliza, nilikuwa nasema huyu ni mutoto yetu, na yeye alikuwa nafaa hijabu kama sisi. Sasa bicha imesema. Siwezi kusema uongo mbele ya Mungu na mbele ya simu. Nitasema ile ya ukweli, lakini nitaisema kwa nguvu."

Kuna desturi ya Wasomali iliyo ya kale kuliko serikali zote zilizowahi kupita huku. Mtu wa nje, asiye na ukoo wa kumlinda, anaweza kuwekwa chini ya ulinzi wa nyumba fulani. Huitwa magan. Mwenye nyumba akishalitamka mbele ya wazee wake, anayemgusa mtu huyo amegusa ukoo mzima, na ukoo utasimama. Kwa kawaida neno hilo hutamkwa na mwanamume. Lakini mwenye nyumba alikuwa Ayeeyo, na hakukuwa na mwanamume katika ukoo ule aliyekuwa na ubavu wa kumwambia anyamaze.

Aliwaita wazee wake Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Alikuja kaka yake mkubwa, wakaja wazee wengine wa ukoo wao, ndevu zimepakwa hina, wakavua viatu na kuketi kwenye mikeka uani. Mama na mimi tuliitwa tukae mbele. Mama alikuwa amefunga leso kichwani na kuvaa gauni lake la kwaya, kwa kuwa hakuwa na jingine la heshima kama hilo. Mimi nilikaa kichwa wazi mbele ya wazee wale, na hakuna siku niliyotamani kitambaa kama siku ile.

Ayeeyo alisimama, ameshika fimbo. Alizungumza Kisomali cha wazee, kile kizito ambacho mimi nilikielewa na mama hakukielewa. Alisema: hawa wawili, mama na binti, si wa damu yetu na si wa dini yetu. Ni wageni. Wamekuja kutoka mbali wakaingia nyumbani kwangu, nami nimewapokea. Ni magan yangu. Atakayewagusa amenigusa mimi, na akinigusa mimi amewagusa ninyi.

Kaka yake alirudia neno baada ya neno. Wazee wakakubali mmoja mmoja, kila mtu kwa kinywa chake. Lilikuwa jambo kubwa, na nilijua ni kubwa. Kabla ya jua kuzama lingekuwa limefika kwenye vibanda vya miraa na kwa waendesha bodaboda, na kabla ya wiki kuisha lingefika Habaswein na kwingineko. Pikipiki ya kupunguza mwendo nje ya ua wetu ingejua inapunguza mwendo mbele ya nani.

Mama alinivuta mkono. "Amesema nini?"

"Amesema tuko salama, mama."

"Asante Yesu," akanong'ona, na akaanza kulia, akiwatazama wazee wale mmoja mmoja kwa shukrani ambayo hakuwa na lugha yake.

Maneno mengine sikumtafsiria. Nilizaliwa hospitali ya mji huu. Ni Ayeeyo aliyenionjesha maziwa ya ngamia kabla sijaota meno, na matusi yangu ya kwanza nilitukana kwa Kisomali. Sijui kutoka mbali ni wapi. Lakini hakuwa na njia nyingine ya kunilinda, na aliitumia, kisha akaketi karibu yangu.

Mjukuu wake akatokea jikoni na chupa ya chai na sinia la vikombe. Niliinuka nimpokee sinia, maana wazee wakija kwao sisi wawili ndio tuliokuwa tukiwagawia, yeye anamimina na mimi nabeba. Ayeeyo akanigusa goti.

"Kaa chini," alisema, kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. "Mugeni hatumwi."

Nikakaa. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nimelishika tangu nijue kutembea, na siku ile nilinyang'anywa. Mjukuu wake aliwapa wazee, akampa mama, kisha akaja mbele yangu akainama, ameshika kikombe kwa mikono miwili, hanitazami usoni.

"Karibu," akasema.

Katika nyumba ile sikuwahi kuambiwa neno hilo hata mara moja. Nikapokea kikombe, nikasema asante, kama wasemavyo wageni.